Mjadala: Mtoto aende kwa kasi yake, au achague njia yake?

Mzazi, Lamu: Assalaam alaykum. Katika mikutano ya wazazi mambo mawili yanachanganywa. La kwanza: lengo ni moja kwa wote, ila kila mtoto analifikia kwa kasi yake. La pili: mtoto ana kauli katika anachosoma, kulingana na kipaji na hamu yake. Mimi nasema tuanze na la kwanza, maana tunalijua. Katika chuo cha Qur'ani huyu yuko kwenye alifu, yule yuko Juzuu Amma, mwingine anakaribia kukhitimu. Kila mmoja huitwa asikizwe, na asipoimudu aya hapewi nyingine. Wakubwa huwasomesha wadogo, ndipo maalimu mmoja akawatosha wote. Shuleni wiki ikiisha mada imepita, aliyeelewa na asiyeelewa wanasukumwa pamoja.

Mwalimu, Malindi: Waalaykum salaam. Lakini chuoni mtoto hachagui chochote, na ndivyo ipasavyo kwa Qur'ani. Shule ni kitu kingine. Hapa Kenya, Mtaala wa Umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4, mfumo wa elimu wa tangu 1985, unampa mwanafunzi wa Gredi ya 10 njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mbona tungoje mpaka hapo? Mtoto wa mvuvi anajua kusi na kaskazi, maji kujaa na kupwa, bei ya samaki kwa kilo. Halafu tunampa hesabu ya treni mbili zinazokutana! Hata ukimwongezea muda, hamu haiji.

Mzazi, Lamu: Kuhusu treni, mwalimu, umesema kweli tupu. Ila tazama alichoandika Benjamin Bloom, mtafiti wa elimu wa Marekani, mwaka 1984. Akifunzwa peke yake na mwalimu, mwanafunzi wa wastani aliwapita takriban asilimia 98 ya waliofunzwa kwa kawaida. Katika darasa la kama watoto 30, lenye majaribio madogo na marudio mpaka waimudu mada, aliwapita takriban asilimia 84. Tafiti za baadaye zimepata faida ndogo zaidi, lakini darasa la 30 laweza kupatikana. Na asiyesoma vizuri Gredi ya 6 hatachagua njia Gredi ya 10, kufeli kutamchagulia. Je, asubuhi mngewapanga kwa kiwango cha kusoma, si kwa gredi?

Mwalimu, Malindi: Kwa kusoma na hesabu, naam, walimu wakikubaliana ratiba. Ila mifano ya hesabu nitaitunga mwenyewe, ya bahari.