Baiskeli ya mbio imechoka: nitengeneze au ninunue nyingine?

Kutoka: Nyegezi

Salaam Wakenya wenzangu wa Mwanza, na shikamoo kwa wazee. Tangu nihamie huku nazungukia baiskeli ileile ya mbio niliyokuja nayo kutoka Nairobi. Fremu ni ya alumini, gia za mbele zina meno 53 na 39, tairi zina upana wa milimita 23. Cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu, ringi ya nyuma imelika, na kile kilima cha Bugando kinanimaliza. Nyumbani wananiambia nitengeneze tu. Hivi karibuni naenda Nairobi. Ninunue mpya huko niivushe mpaka wa Sirari, au nitafute hapahapa? Na niangalie nini hasa?

Kutoka: Kirumba

Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, huko tumezoea tambarare, kwa hiyo uchungu wa Bugando naujua.

Kwanza pima cheni. Chukua futi ya seremala yenye inchi, anza katikati ya pini moja, hesabu pingili 24. Cheni nzima inaishia kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, ibadilishe upesi, kaseti, yaani zile gia za nyuma, bado itapona. Ikizidi kwa sehemu moja ya 8, basi meno ya kaseti yameshaliwa pamoja nayo, na cheni mpya itaruka vilevile. Halafu pitisha kidole kwenye ukuta wa ringi pale mpira wa breki unaposugua. Ukikuta pamebonyea kama kijiko, usiipande tena hiyo baiskeli kwa mwendo wa kasi. Ukuta ule ndio unaozuia upepo wa tairi, na ukipasuka unapasuka ghafla.

Cheni, kaseti, ringi, na kazi ya kusuka spoku upya, vyote kwa ajili ya fremu ya zamani isiyoweza kuingiza tairi pana: mimi singetoa pesa hiyo. Wa nyumbani wana nia njema, ila hawaijui barabara unayopita. Mvua zikipiga, mchanga wa vilima hivi vya mawe unateremka wote hadi kwenye lami, unaingia kwenye cheni na kwenye mipira ya breki na kusaga kila kitu. Ukiendesha pembeni ya barabara ya Airport, daladala inakusukumia kwenye mchanga huohuo. Tairi ya milimita 23 hapo haina lake. Tafuta fremu yenye nafasi ya milimita 32 kwenda juu.

Kuhusu mahali, nunua Nairobi, maana utakuta nyingi za kuzipanda na kuzilinganisha. Lakini ichague ukimfikiria fundi wa Mwanza, kwa sababu ndiye atakayeishika. Breki za diski zinazovutwa kwa waya anaweza kuzirekebisha kwa ufunguo wa kawaida. Za mafuta ni tamu kweli, ila zikiingia hewa utahitaji vifaa vyake na mafuta ya aina yake, na ukiweka yasiyo yake unaua mipira ya ndani. Beringi za mhimili wa pedali ziwe za kufungwa kwa hesi, yaani kwa kuzungushwa kama skrubu, si za kugongelewa kwenye fremu. Za kugongelewa huanza kulia mapema, na kuzitoa bila kifaa chake ni kuharibu fremu.

Tairi sasa, hapa wengi hupotea. Za baiskeli za Phoenix huandikwa inchi 28, na utasikia watu wakiziita za mbio pia inchi 28. Haziingiliani. Ringi ya mbio, pale tairi inapokaa, ina kipenyo cha milimita 622, ya Phoenix 635, na ile ya inchi 26 ya baiskeli za milimani ni 559. Rudi na tairi na tyubu za akiba. Nunua pia kile kikofia kidogo cha shaba kinachoigeuza valvu nyembamba iwe kama ya pikipiki, utajaza upepo popote penye fundi wa bodaboda.

Gia: omba meno 50 na 34 mbele, na kaseti inayofika 34 nyuma. Ukiwa na meno 39 mbele na 25 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 3.3. Ukiwa na 34 kwa 34 ni mita 2 na kidogo. Kwenye kilima, tofauti hiyo ndiyo magoti yako.

Mpakani usidhani kila kitu hupita bure kwa kuwa sote ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nafuu ya ushuru ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Baiskeli iliyotoka Taiwan au China haimo, hata ukiwa umeinunulia Nairobi. Itangaze forodhani na risiti mkononi.

Kutoka: Buhongwa

Kwa heshima, mzee, hapo kwenye 32 sikubaliani nawe. Dada achukue inayoingiza milimita 40. Lami ya Usagara ni nzuri, na tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 mtu anakwenda Sengerema bila kungoja kivuko, lakini ukiacha barabara kuu ni vumbi na makorongo. Anayebaki kwenye lami tu ameikosa nusu ya ziwa hili.

Kutoka: Nyegezi

Nimepima. Imezidi sehemu ya 8, na ringi imebonyea. Nanunua, na nitatafuta ya milimita 40 kama anavyosema kaka wa Buhongwa. Saizi nitaijuaje, mzee?

Kutoka: Kirumba

Haya, 40 nayo sawa, utafunga 35 siku za kawaida.

Saizi usiichukue kwa herufi zilizobandikwa kwenye fremu, kila mtengenezaji ana zake. Ipime hiyo ya zamani, kwa kuwa mwili wako umeshaizoea: kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi juu ya kiti, kutoka ncha ya kiti hadi kwenye usukani, na usukani uko chini ya kiti kwa kiasi gani. Andika kwenye karatasi uende nayo dukani. Kiti na pedali ving'oe uvihamishie kwenye mpya. Pedali ya kulia inafunguka kama nati yoyote, ya kushoto hesi yake ni kinyume: ielekeze saa inakoelekea. Mwambie fundi kabla hajaanza kuilazimisha.