Rupia ya Mombasa iko Boston na kuna dhoruba ya theluji wikendi, muuzaji atume ama angoje?

tundu_la_senti:
Wasee wa sarafu, niaje. Swali langu leo ni la hali ya hewa lakini linahusu sarafu kwa hivyo msinifukuze. Nimeshinda mnada wa rupia ya Mombasa ya 1888, ile ya silva ya kampuni ya Waingereza, jua na taji upande mmoja na mizani upande ule mwingine, pesa nishatuma, na muuzaji ako karibu na Boston. Sasa jamaa ameniandikia asubuhi ati kuna theluji kubwa inakuja Jumapili kuingia Jumatatu, nichague mwenyewe kaa atatuma kesho Ijumaa ama angoje barabara zifunguliwe. Nimeanza kucheki utabiri kaa mtu amebeti. Apu moja inasema sentimita 10, ingine inasema 50, ya tatu jana ilikuwa inasema mvua tu na leo imeruka hadi 35. Sasa niamini gani? Juu 10 na watu wanavaa buti wanaenda job, 50 na mji unafungwa. Kuna mtu hapa anaelewa hizi vitu, ama ako na mtu wake huko?

mama_wa_heller:
Hongera kwa rupia kwanza, hizo haziokotwi Maasai Market 😄 Dadangu anaishi Lowell, huko Wakenya ni wengi, na nimeongea na yeye leo. Anasema supamaketi mkate na maziwa vimeanza kuisha na shule washaanza kutuma meseji za "tutawajulisha". Pia wameambiwa gari zisipakiwe barabarani usiku juu ile mashine ya kusukuma theluji ikikuta gari yako hapo inavutwa na unalipa. Mambo yakifika hapo mimi ningemwambia muuzaji akae na mzigo ndani ya nyumba. Lakini ngoja wenye wanaelewa utabiri waseme.

kona_ya_dagoretti:
Nimeitwa nimekuja. Hii ndio hobi yangu ya pili baada ya shilingi za Joji wa Tano kwa hivyo vumilieni.

Hizo apu zenyewe hazitabiri kitu. Nyingi zinachukua namba kutoka kwa modeli za kompyuta na kukuwekea kwa skrini kaa ni ukweli mtupu. Modeli zenye watu hubishania sana ni mbili, ya Wamarekani inaitwa GFS na ya Ulaya inaitwa ECMWF, makao yake makuu yako Reading kule Uingereza. Ya Wamarekani inaanza hesabu upya mara nne kwa siku, ya kwanza ni saa tisa usiku saa zetu halafu kila baada ya masaa sita, ndio maana unalala ikisema mvua na unaamka ikisema sentimita 35. Hakuna mtu amebadilisha mawazo, ni hesabu mpya imeingia na apu haikuambii hivyo.

Sasa dhoruba za pwani ya mashariki ya Marekani shida yake kubwa ni njia. Ni kitovu cha presha ya chini kinapanda na pwani kutoka upande wa Carolina, hewa baridi inashuka kutoka Kanada, bahari nayo iko na joto la mkondo wa Gulf Stream, hizo mbili zikikutana ndio kitu inapata nguvu. Watabiri wa huko wako na pointi yao ndani ya bahari, digrii 40 kaskazini na 70 magharibi, chini ya kisiwa cha Nantucket. Kitovu kikipita karibu na hapo, Boston inafunikwa. Kikipita ndani zaidi kikikaribia nchi kavu, hewa ya bahari inaingia mjini na theluji inageuka mvua. Kikienda mbali nje, mnaona mawingu na upepo basi. Kwa hivyo apu zako tatu si lazima zinabishana kuhusu ukubwa wa dhoruba, zinabishana itapita wapi, na kusogea kaa kilomita 80 hivi inatosha kutoa 50 na kuweka 10.

Halafu kuna hesabu ya maji. Kawaida milimita 10 za maji zinakupa sentimita 10 za theluji. Kukiwa na baridi kali zaidi theluji inakuwa nyepesi, maji yale yale yanakupa 15 hata 20, na ikiwa karibu na sifuri inakuwa nzito imeloa inakupa 5. Apu nyingi zinapiga mara kumi na kusonga mbele.

Usiangalie namba moja. Hiyo modeli ya Ulaya inaendeshwa mara 51, kila mara na mwanzo tofauti kidogo. Tafuta ile picha ya zote pamoja. Ukiona zote zimeshikana hapo kwa 40 unajua mambo ni serious, ukiona zimetawanyika kutoka 5 hadi 60 unajua bado hakuna mtu anajua, hata yule wa TV amevaa tai. Na leo ni Alhamisi, hiyo kitu ya hewa ya kuzaa dhoruba mara nyingi inakuwa bado iko upande wa Pasifiki ama ndio inaingia nchi kavu, baluni za kupima hazijaipata vizuri. Kesho jioni namba zitaanza kukaribiana.

bob_moja_twiga:
Maneno mingi lakini utabiri ni utabiri tu bana. Hapa kwetu wakisema mvua unabeba mwavuli unarudi nao mkavu, wakinyamaza unapata Mombasa Road imekuwa mto. Huko si tofauti. Tuma kesho, Jumapili mzigo utakuwa ushapanda ndege.

kona_ya_dagoretti:
@bob_moja_twiga hapo sikubaliani. Mvua yetu mingi ni ya mawingu madogo yanapanda mchana na kumwaga, Karen inanyesha na Embakasi vumbi, na modeli zinateseka na hiyo kitu kote kwenye tropiki. Si uvivu wa watu wetu, baluni zinarushwa hapa Dagoretti Corner pia. Dhoruba ya kule ni kitu ina upana wa kilomita elfu moja, inaonekana ikikuja siku nne tano mbele. Chenye hakionekani mapema ni mpaka wake, mahali theluji inaishia.

Mfano mzuri ni Januari 2015, usiku wa tarehe 26 kuingia 27. New York waliambiwa wangoje zaidi ya sentimita 60, hadi treni za chini zikasimamishwa, na asubuhi Central Park wakapima kaa sentimita 25. Watu wakakasirika, mtabiri mmoja wa serikali upande wa New Jersey akaomba msamaha hadharani. Lakini dhoruba yenyewe ilikuja, Boston walipata zaidi ya 60 na Worcester hapo ndani kidogo wakapata karibu 88. Mpaka ulisogea mashariki tu, na ile modeli ya Ulaya yenye kila mtu huisifu ndio iliwadanganya usiku huo, GFS ilikuwa imesema kidogo. Kwa hivyo usiniletee habari ya "modeli fulani ndio bora", inategemea na siku.

tundu_la_senti:
Sawa nimeelewa, na asante sana. Lakini mimi siko New York, muuzaji ako kusini ya Boston, karibu na bahari. Hapo si ndio mpaka wenyewe?

kona_ya_dagoretti:
Ndio hapo hapo 😅 Kusini ya Boston karibu na maji ndio mahali theluji na mvua hupigania. Sasa hivi sahau apu, ingia tovuti ya huduma ya hali ya hewa ya Marekani, soma ya ofisi inayoshika eneo lake. Wako na daraja mbili, kwanza ni ya kukaa chonjo, inamaanisha inaweza, halafu inakuja onyo kamili, hiyo inamaanisha jipange. Na wakiandika blizadi si mapambo, ni upepo wa kaa kilomita 56 kwa saa na kuendelea na huwezi kuona mita 400 mbele yako, kwa masaa matatu. Hapo hata posta hakuna mtu anatoka.

mnada_wa_usiku:
Watu wanaongea Boston lakini hamjauliza mzigo unapitia wapi. Kampuni kubwa za kusafirisha ziko na vituo vyao vikuu Memphis na Louisville, ndege zao nyingi za usiku zinakutana huko. Hii mifumo mingi hupita huko kwanza ikielekea pwani na upande wa chini hakuna theluji nzuri, kuna ile mvua ya kuganda. Juu kuko na tabaka la joto linayeyusha theluji inakuwa maji, chini kuko baridi, maji yakigusa barabara ama bawa la ndege yanakuwa barafu hapo hapo. Theluji utasukuma na mashine, hiyo barafu inaangusha nyaya za stima na kufunga uwanja. Kwa hivyo usicheki Boston peke yake. Mzigo ukitumwa kesho unaweza kukaa kwa ile treki ya kufuatilia mzigo umeandikwa "imechelewa, hali ya hewa" wiki nzima ndani ya trela mahali hata hujui, na mimi hiyo ndio sipendi, afadhali sarafu ikae kwa sefu ya mwenyewe.

Na umwambie atume rejista, isainiwe kila mahali inafika. Ni polepole lakini kwa kitu ya 1888 haraka ya nini.

bob_moja_twiga:
Hiyo ya Memphis sikuwa nimeiweka kwa hesabu. Haya, angoje basi 🙌

mzee_KN:
Vijana hamjambo. Mmemaliza theluji, wacha niseme ya sarafu yenyewe.

Mzigo ukitoka baridi ukaingia Nairobi, usiufungue hapo hapo kwa furaha. Chuma baridi ikikutana na hewa yetu ya unyevu inatoa jasho, na hilo jasho kwa silva ya zamani linaacha madoa yenye hutaondoa bila kuharibu sura yake. Weka bahasha ilivyo mahali pakavu hadi kesho yake, ipate joto pole pole ikiwa imefungwa, ndio ufungue. Ndege ya mizigo huwa na baridi pia kwa hivyo hata bila dhoruba fanya hivyo.

Ukifungua, kama iko ndani ya plastiki laini inayonukia kama kiatu kipya, itoe siku hiyo hiyo. Hiyo plastiki baada ya muda inatoa utomvu wa kijani unanata. Usifunge na rababendi, rababendi iko na salfa na salfa ndiyo inafanya silva iwe nyeusi. Weka vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu, wenye duka la viatu watakupa bure. Na tafadhali usiipake dawa ya meno. Kuna mtu alinionyesha hapa mjini shilingi ya 1921 imesuguliwa hadi simba anaonekana amenyolewa.

Halafu pima. Rupia hiyo inatakiwa gramu 11.66, kama ya Wahindi, silva ya 917 kwa elfu. Angalia herufi H ndogo, ni ya kiwanda cha Heaton kule Birmingham. Sumaku isiishike. Ikiwa gramu 10 na kitu, usinisumbue na habari ya theluji tena, mwandikie muuzaji.

tundu_la_senti:
Mzee wangu asante, nimeandika yote. Mizani ya kupima hivyo nitapata wapi bila kununua?

mzee_KN:
Sonara yeyote wa Biashara Street. Enda asubuhi kabla wateja hawajajaa, msalimie vizuri, hatakulipisha. Usimwambie bei uliyonunua.

mama_wa_heller:
Dadangu ametuma picha, wamewekewa ile ya kukaa chonjo kutoka Jumapili saa sita mchana. Bado si onyo kamili. Anasema kwake wanaambiwa 20 hadi 35.

kona_ya_dagoretti:
Ona hapo, "20 hadi 35". Huo ndio utabiri wa mtu mzima. Nimecheki pia hizo 51, bado zimetawanyika upande wa kusini lakini zenye zinatoa mvua tupu zimepungua. Mimi pesa yangu naweka kwa theluji nzito, ya kuloa, sentimita 20 na kitu kwa muuzaji wako. Mkinikuta nimekosa Jumatatu mnitusi kwa adabu.

tundu_la_senti:
Nishamwandikia. Atangoja hadi Jumatano, atume rejista, na nimemwomba aitoe kwa plastiki kama ni ile laini. Amejibu ati mimi ndio mteja wa kwanza kutoka Afrika kumuuliza habari ya Nantucket 😂 Nikiipata nitaweka picha pande zote mbili.

ngovo_kifaru:
Samahani kuingilia, mimi ni mgeni hapa. Niko na zile za forty bob za Kibaki kadhaa kwa kopo nyumbani. Ni pesa ama ni bure?

mnada_wa_usiku:
Zilitolewa 2003, miaka 40 ya uhuru, na watu wengi walizificha kaa wewe kwa hivyo si nadra. Kama haijawahi kupita kwa mikono na bado inang'aa kuna mtu atakuongezea kitu. Kama imechoka, jaribu kulipa nayo matatu, kondakta atakuuliza ni ya nchi gani.