Mashindano ya kuimba kwenye TV: watu wanafuata sauti au wanafuata aibu ya mtu?

Sakina Juu
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja na naomba tuijadili bila matusi. Tangu enzi za kina Madam Rita na Master Jay kwenye Bongo Star Search, mitaani wanaokumbukwa ni waliotimuliwa, siyo walioshinda. Simama pale sokoni Kilombero, hapa Arusha, umwombe mtu akutajie washindi watatu tu, atakwama. Ila yule aliyepaza sauti ikamkatikia njiani, watakuigizia mpaka mikono yake. Mimi naamini mtazamaji hafuati muziki, anafuata mwenzake kuaibishwa. Anayepinga aje. Halafu sisi Chuga wasanii wetu walitoka mtaani, majaji hawakuhitajika. Joh Makini na Nikki wa Pili walimpangia nani foleni?

Bint Pasua
Hawakupanga foleni kwa sababu wanachana, hawaimbi. Arusha mna marapa wazuri, hilo siwanyimi. Mtu wa kuimba, anayejua sauti yake inaanzia wapi, vukeni KIA mje Moshi mumchukue.

Chalii wa Kijenge
Wewe dada unaukosea heshima mji wa watu. X Plastaz walichukua uimbaji wa Kimasai wakauweka ndani ya hip hop, wakazunguka nao Ulaya. Ile sauti ya Mmasai mle ndani nayo ni kuchana? Au kwenu kuimba ni mpaka uvae joho?

Bint Pasua
Kundi moja, na umerudi nyuma miaka ishirini kulitafuta. Huku kwetu kila usharika una kwaya, na nyingine zina ya vijana, ya akina mama na ya uinjilisti. Joho unalolidharau limefundisha watu wengi kuliko studio zenu zote.

Mwalimu wa Rau
Vijana, tulieni kidogo. Nafundisha kwaya, kwa hiyo hilo la joho limenigusa. Mashindano ya kwaya za kanisa yana wimbo wa lazima. Kwaya zote zinaimba huohuo, na jaji ana karatasi ya nota mkononi. Sauti ya nne, yaani besi, ikishuka kidogo tu kwenye mstari wa pili, kalamu inatembea, na hakuna anayekuambia neno mpaka matokeo. Ukishindwa unajua umeshindwa wapi, unarudi mazoezini unarekebisha. Kwenye TV kila mmoja anakuja na wimbo wake: huyu taarabu, huyu kaiga Mmarekani, huyu injili. Unawalinganishaje? Jaji anabaki kusema "hujanigusa". Hujanigusa ni maksi ngapi? Kijana anaondoka hajui kama tatizo lilikuwa pumzi, alianzia juu mno, au ni shati alilovaa. Hilo linaniuma kuliko hata kuchekwa.

Chalii wa Kijenge
Mwalimu, heshima yako. Lakini kwaya mnawaimbia watu wenu wenyewe waliokaa kwenye mabenchi. Tusker Project Fame, lile shindano la Afrika Mashariki kule Nairobi, walishinda Wakenya, Waganda, Mnyarwanda na Mrundi. Mtanzania hakuchukua hata mmoja. Hao wa sauti nne wa Moshi walikuwa wapi?

Bint Pasua
Si Msechu alichukua?

Fundi Spika
Hapana. Peter Msechu alimaliza wa pili mwaka 2010, akachukua Davis wa Uganda. Na nafasi si hoja: Jennifer Hudson alitolewa akiwa wa saba American Idol 2004, na mwaka 2007 akabeba Oscar. Kura za simu hazipimi sauti. Fainali ya American Idol ya 2006 ilipigiwa kura zaidi ya milioni 63, nyingi kuliko alizokuwa amewahi kupata rais yeyote wa Marekani mpaka siku hiyo, kwa sababu mtu mmoja aliruhusiwa kupiga tena na tena. Mwenye vocha ndiye jaji.

Mama Saluni Ngarenaro
Mwenye vocha ni mimi, na sioni kosa langu. Siku ya fainali wateja wangu wanakaa na rola kichwani, drayer wanaomba wenyewe niizime ili wasikie. Hakuna anayecheka. Wiki ya kwanza binti alikuwa anaangalia viatu vyake, maiki iko tumboni. Wiki za mwisho kainua kidevu, anamwangalia mtu aliyekaa nyuma kabisa. Huo ukuaji tumeuona kwa macho, hatukusimuliwa. Msanii mwingine anatufikia redioni ameshaiva, alikoanzia hatukujui. Huyu tumemlea. SMS yangu naihesabu mchango, kama ninavyochangia sendoff ya binti wa jirani. Walter Chilambo alipochukua BSS 2012 tulishangilia mpaka mtaa wa pili wakasikia, na leo akiimba injili bado namwita wetu. Sakina Juu, ukisema napenda aibu ya mtoto wa mwenzangu, umenitukana.

Dogo wa Unga Limited
Mama, shikamoo. Sikutukani, ila mdogo wangu alipita huko. Shindano silitaji. Alipanga foleni tangu alfajiri, na kabla ya kufika kwa majaji akaingizwa chumba kingine, vijana wawili na fomu mezani. Akaimba. Wakaangaliana, wakamwambia uko vizuri, ukifika ndani paza zaidi na ucheze hivyohivyo. Alitoka pale anampigia mama simu kwa furaha. Ndani hakumaliza ubeti. Kilichorushwa ni huo ubeti, na sura yake ikarudiwa na muziki wa katuni juu yake. Kijiweni anakopaki bodaboda wakambandika jina la ule wimbo, mpaka abiria wakawa wanamwita hivyo. Amehamia Babati. Mwambieni kwamba alikuwa anakuzwa kipaji.

Fundi Spika
Pole sana. Hata American Idol na X Factor ya Uingereza waandaaji wanachuja kwanza, majaji wanaletewa waliopita kwao. Anayeharibu mbele ya majaji amepitishwa na mtu aliyekwisha kumsikia akiharibu.

Bint Pasua
Pole ndugu. Lakini ndiyo hoja yangu tangu mwanzo, hakuwa na mwalimu. Angepitia kwaya asingedanganywa na vijana wa fomu.

Dogo wa Unga Limited
Alikuwa kwaya, dada. Sauti ya tatu.

Sakina Juu
Jamani, nilichouliza ni kwa nini watu wanatazama. Mama Saluni, raundi ya kwanza ikiondolewa, wakaanza na waliofuzu tu, wewe na wateja wako mtawasha TV?

Mama Saluni Ngarenaro
Tutawasha, tena mapema. Dogo, marahaba, na nimeumia kwa hilo la mdogo wako. Lakini lawama ya wale wa fomu msiitupe kwa mtu aliyekaa anasukwa. Wamwonyeshe kijana picha zake kwanza, akikubali warushe, akikataa wafute. Wakifanya hivyo vocha yangu ipo.

Chalii wa Kijenge
Bado sijajibiwa kuhusu Nairobi.

Bint Pasua
Hawakushinda kwa sababu nyie hamkupiga kura. Mlikaa Kijenge na hip hop yenu.

Chalii wa Kijenge
Basi umekubaliana na Fundi Spika kwamba kinachoamua ni kura, siyo sauti. Sasa hizo sauti nne unazotutishia nazo tangu jioni ni za nini?