Gereji imenipakia rangi gari haliwaki, halafu wananilazimisha nisaini fomu kuwa nimeridhika!

Wakuu, naandika nikiwa nimefura kwa hasira na sitaficha.

Gari langu ni Toyota IST ya injini ya 1NZ. Liligongwa na lori la mchanga pale Tabata. Trafiki walipima, dereva wa lori akakubali kosa, bima ya lori ikabeba gharama za matengenezo. Gereji waliichagua wao wenyewe, iko kwenye orodha yao. Sitaitaja jina hapa. Mbele kote kulikwisha: bampa, shoo, taa, rejeta, boneti, na kona ya kulia ilibonyea mpaka karibu na puli ya mkanda.

Likakaa uani kwao miezi na miezi. Mara asesa (mkaguzi wa hasara wa bima) hajaja, mara spea hazijapitishwa, mara hundi haijatoka. Masika yote limelala nje, boneti limefungwa kwa kamba, betri iko ndani na waya zake. Kila nikiuliza naambiwa "bosi vuta subira, kazi inaendelea".

Juzi napigiwa simu, njoo chukua gari lako. Nafika, rangi inang'aa, milango inafunga sawasawa, na fundi bodi sina neno naye. Nazungusha ufunguo: tak! Kimya. Wakaleta betri nyingine wakabusti. Stata ikajikokota, nguu... nguu... nguu... haliwaki. Hapo hapo, gari likiwa limegoma mbele ya macho yetu wote, dada wa ofisini ananiletea fomu. Imeandikwa kwamba gari limetengenezwa, limejaribiwa barabarani, na mwenye gari ameridhika. Weka sahihi hapa. Limejaribiwa barabara gani wakati kutoka kwenye banda la rangi vijana wamelisukuma kwa mikono?

Nimekataa. Ndipo maelezo yakaanza kubadilika. Kwanza betri imekufa. Betri mpya ikaja, haliwaki. Baadaye mafuta yameoza na pampu imekufa. Mwisho msimamizi wa gereji akasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imeungua "kwa sababu gari limekaa muda mrefu", nilete laki nne na nusu wanitafutie nyingine Ilala. Gari limekaa kwa nani? Nililiweka mimi pale? Na nikichelewa kulitoa, eti nitaanza kudaiwa pesa ya maegesho!

Nikaenda kumchukua fundi wangu wa umeme. Wakuu, nataka mjue alichofanya hatua kwa hatua, maana ndicho gereji nzima ilishindwa kukifanya kwa miezi yote hiyo.

Hakugusa kitu kabla ya kupima. Betri ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Akaweka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, mguu wa pili kwenye chuma cha injini, akaniambia, "Kaka, piga stata." Mita ikaonyesha 2.8. Akasema hapo haitakiwi kufika hata nusu volti, kwa hiyo karibu volti tatu zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye stata. Akaufuata waya wa hasi unaoshuka kwenye gia boksi. Bolti ilikuwa imekazwa juu ya kutu na rangi! Waliufungua waya wakati wa kunyoosha, wakapuliza praima (rangi ya kwanza ya chini) kila mahali, wakaurudisha juu yake. Chini ya kile kichwa cha waya kulikuwa na kijivu kitupu, hakuna chuma. Akasugua kwa msasa mpaka pakang'aa, akakaza. Stata ikazunguka kwa nguvu kama ya gari jipya. Hiyo ndiyo "betri imekufa" yao.

Bado haliwaki. Akaniambia niangalie mshale wa RPM (mizunguko ya injini) wakati napiga stata. Umelala kwenye sifuri, hautikisiki kabisa. Akachomoa koili moja na plagi yake, akaigusisha kwenye chuma, hakuna cheche. Akachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa namba P0335. Hiyo ni saketi ya sensa ya krenki, yaani kifaa kinachohisi mzunguko wa shafti kuu ya injini.

Wanaojua watanielewa, ila kwa wasiojua: kontroli boksi inasubiri ishara ya hiyo sensa ndipo ijue injini inazunguka. Isipoipata haitoi cheche, haifungui nozeli, na kwenye Toyota za aina hii pampu ya mafuta nayo haipewi umeme. Ndiyo maana pampu ilikuwa kimya. Fundi aliipelekea umeme wa moja kwa moja na ikalia papo hapo, nzima kabisa. Pampu wanayosema imekufa!

Sensa yenyewe iko chini upande wa kulia, karibu na puli ya krenki. Upande uleule uliogongwa. Akaingia uvunguni na taa. Waya wa sensa ulikuwa umebanwa nyuma ya chuma kipya cha kushikia bampa, ganda limechanika, na uzi mmoja umekatika ndani. Sasa sikilizeni kilichonichoma roho. Pale ulipochanika palikuwa pamezungushiwa tepu, na juu ya tepu kuna vumbi la rangi ya gari langu. Maana yake kuna mtu aliuona ule waya KABLA ya kupiga rangi. Akaufunika kwa tepu, akapuliza rangi, akaendelea na maisha yake. Halafu mimi ndiye natafutiwa kontroli boksi ya laki nne na nusu!

Na ningelipa, ingekuwaje? Wangefunga kontroli boksi iliyochomolewa gari lingine, waya bado umekatika, gari haliwaki. Kama lina imobilaiza (kifaa cha kuzuia wizi kinachotambua ufunguo), ufunguo wangu nao ungekataliwa mpaka ile boksi ifundishwe upya. Pesa imekwenda na tatizo limekuwa mawili.

Kuhusu mafuta, sikatai, petroli ikikaa miezi inapoteza nguvu. Tulipoimwaga ilikuwa inanuka vibaya na rangi imekolea. Lakini kuyamwaga, kuangalia oili, kucheki kama panya wametafuna waya, hiyo ni kazi ya aliyekaa na gari. Na petroli iliyochacha haiwezi kuufanya mshale wa RPM usitikisike.

Fundi alipotaka kuuunga ule waya, msimamizi akaja juu: mtu wa nje haruhusiwi, akigusa tena dhamana ya matengenezo imekwisha. Dhamana ya nini? Tukaishia hapo. Gari lipo uani kwao mpaka leo.

Nikampigia asesa. Anasema yeye alipitisha kwa picha, na kwenye picha kila kitu kilichoorodheshwa kimebadilishwa. Nimeiona orodha: bampa moja, taa mbili, rejeta moja, boneti moja, rangi. Waya hazimo hata mstari mmoja, wakati pigo lilifika mpaka kwenye puli! Mtu anathibitishaje gari limepona bila kuwasha injini? Nataka aje, ashike ufunguo mwenyewe, awashe. Likiwaka nasaini mbele yake. Bima nao wananiambia nisaini kwanza, malalamiko baadaye. Nikishasaini nitamlalamikia nani?

Wenye Ford na Land Rover mliogongwa, angalieni jambo moja kabla hamjauziwa pampu: nyingi za miaka ya nyuma zina kiswichi kinachokata mafuta gari likipata mshtuko, na kinarudishwa kwa kubonyeza kitufe tu. Kwenye IST yangu hakipo, lakini nimewaza ni wangapi wamelipishwa pampu kwa sababu ya kitufe.

Naandika barua kwa bima, nakala TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima Tanzania. Wakigoma naenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Aliyewahi kufika pale akiwa si mteja wa hiyo bima bali mtu aliyegongwa na mteja wao, naomba aniambie walimpokeaje na walitaka karatasi zipi.

Picha za bolti yenye praima, mita ikisoma 2.8 na ile tepu yenye rangi nazibandika hapa chini. Mafundi umeme mlioko humu, mkiona kuna kipimo tumeruka semeni leo, kesho asubuhi narudi kwao na barua mkononi.