Jengo Kuu la Makerere: ni lile lile au ni jingine?

Mwanakagera: Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililokamilika mwaka 1941, liliungua Septemba 2020, na Oktoba 2024 likafunguliwa likiwa na sura ya awali. Swali langu ni hili: je, hilo bado ni jengo la kihistoria? Kwa maoni yangu, ukibomoa kuta za zamani ukamimina zege jipya, hata mnara ukirudi ulivyokuwa, umejenga sanamu ya marehemu. Isitoshe, hata lile la kwanza lilikuwa la Waingereza. Sisi tulibeba matofali tu.

Fundi Mstaafu: Matofali tu? Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa na vijana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo, halafu wewe unatuita wapagazi! Ama kuhusu kuta, nondo zikifikia joto la nyuzi 600 hupoteza takribani nusu ya nguvu zake, na zege hupasuka. Ungependa wanafunzi wakae chini ya historia hadi iwaangukie?

Bi Mkubwa wa Tanga: Fundi, umejibu kwa hasira ukaruka jambo moja: kwamba vijana wa 1922 walifundishwa ujenzi si ushahidi kwamba wao ndio waliojenga mwaka 1941. Mimi napima jengo kwa waliopita humo. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, na Kibaki akaja baadaye, kwa hiyo Watanzania na Wakenya nao walistahili kuulizwa.

Mkaazi wa Wandegeya: Kuulizwa na nani, Bibi? Paa lilipoporomoka, aliyegharamia ujenzi ni serikali ya Uganda. Kila msiba wa Makerere, majirani huja na orodha ya marais wao, lakini michango hatuioni.

Bi Mkubwa wa Tanga: Mwanangu, kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Orodha hiyo haikuandikwa Tanga.

Mwanakagera: Nimeuliza habari za kuta, nikajibiwa kwa vyeti na michango. Mpaka sasa hakuna aliyetaja hata sehemu moja ya jengo la 1941 iliyohifadhiwa ndani ya hili jipya.

Fundi Mstaafu: Na wewe hujafuta neno lako la matofali.