Mawazo ya kufuru yananijia: nia hulindwaje hasa?

Dada wa Kayole:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimeokoka kwa miaka 11 na ninaimba katika kwaya ya kanisa letu hapa Kayole. Tangu nilipoanza zamu ya usiku kiwandani, ninajiwa na mawazo ya kumtukana Mungu ambayo siwezi kuyatamka mbele ya mtu, na huja hasa Meza ya Bwana inapoandaliwa. Yakishapita, ninasikia moyoni kwamba aliyeokoka kweli hawezi kuwaza hivyo, kwa hiyo mimi sikuokoka kamwe. Nimekemea hadi sauti imekauka, na sasa ni mara ya tatu ninaacha kushiriki Meza. Je, wazo nisilolitaka ni dhambi yangu? Na kuilinda nia, jambo tunalohubiriwa kila Jumapili, hufanywaje mtu akiwa peke yake ndani ya matatu saa kumi na moja alfajiri?

Mzee wa Kanisa, Dagoretti:
Dada yangu, asante kwa kuuliza waziwazi. Soma Mathayo sura ya 3 na ya 4 kwa pamoja, bila kusimama mwisho wa sura. Pale Yordani, Yesu alipobatizwa, sauti kutoka mbinguni inasema, “Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu,” na neno la kwanza la mjaribu jangwani ni, “Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu.” Alilenga lile lile lililotoka kutamkwa. Bwana wetu alisikia hata shauri la kumsujudia Shetani, likamfikia masikioni, naye hakutenda dhambi. Kwa hiyo wazo kubisha mlangoni ni jambo moja, na wewe kulikaribisha kiti ni jambo jingine. Tena anayechukizwa na kufuru kiasi cha kukosa usingizi hajakubaliana nayo.

Kuhusu namna ya kulinda, tazama kwamba Yesu hakupiga kelele wala hakubishana kwa maneno mengi. Alijibu mara tatu, na mara zote tatu kwa Kumbukumbu la Torati, kila jaribu kwa andiko lililolihusu. Shambulio lako ni shtaka kwamba Mungu amekukataa. Basi kemeo la jumla halitoshi, unahitaji andiko linalojibu shtaka hilo, kwa mfano Warumi 8:1, ulijue kwa moyo kabla hujapanda matatu. Liseme mara moja, kwa utulivu, kisha urudi kwenye shughuli uliyokuwa nayo, kwa maana anayekaa kulichunguza wazo kila saa ili ajue kama limeondoka, huyo ndiye anayelilisha. Na chapeo, yaani kofia ya vita, ya wokovu ya Waefeso 6, ambayo 1 Wathesalonike 5:8 inaiita tumaini la wokovu, huvaliwa kichwani, mahali pa mawazo. Sidhani Paulo aliiweka huko bila kufikiri.

Rudi Mezani, dada. Kukaa mbali nayo ndiko adui anakokutaka.

Mwombaji wa Ngong:
Mimi ningekushauri ufunge siku 7 kavu, upande vilima vya Ngong ukeshe huko. Mambo ya namna hii hayatoki ila kwa kufunga na kuomba.

Muuguzi Mstaafu:
Ndugu Mwombaji, ninaheshimu kufunga na mimi mwenyewe hufunga, lakini hapa ninakusihi tusiharakishe. Dada ametuambia kwamba mambo haya yalianza na zamu ya usiku. Eliya, baada ya ushindi wa Karmeli, alikaa chini ya mretemu akaomba afe, na malaika hakumkemea wala hakumpa mfungo. Alimwacha alale, akamgusa na kumwambia, “Inuka, ule,” kisha akalala tena na kulishwa mara ya pili. Safari ya siku 40 kwenda Horebu ilikuja baadaye. Mwili usiolala hauna ukuta.

Jambo jingine ninalisema kwa upendo. Mawazo machafu yanayojirudia, yanayomtisha mwenyewe, na ambayo mtu hujaribu kuyafuta kwa kukemea tena na tena, yanaweza pia kuwa ugonjwa unaojulikana na unaotibika, nao huwapata sana watu wenye dhamiri laini. Kumwona daktari, hata katika Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ambayo watu wanaiogopa kwa jina tu, si kumkana Kristo. Na ikitokea ukawaza kujidhuru, usingoje Jumapili. Mwamshe mtu usiku huo huo.

Shosho wa Uamsho:
Mjukuu wangu, sisi tulioukuta Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa wokovu makanisani, tulifundishwa kutembea nuruni, kama isemavyo 1 Yohana 1:7. Maana yake ni kwamba tulikaa pamoja, kila mmoja akasema lililomo moyoni, hata lile la aibu, na wenzake wakaimba wakimshukuru Yesu kwa damu yake. Wazo lililofichwa miaka mingi lilipotamkwa mbele ya ndugu wawili lilipoteza nusu ya nguvu zake. Tafuta mama mmoja asiye na mdomo mrefu, umwambie maneno yale yale unayoogopa kuyataja.

Dada wa Kayole:
Nimesoma nikilia, Mungu awabariki. Nitamwomba msimamizi anibadilishie zamu, na kuna mama mmoja katika kwaya ambaye nitamwendea Jumamosi kabla ya mazoezi. Shosho, naomba uniombee nisirudi nyuma nikifika mlangoni pake. Meza ya Bwana ni Jumapili ijayo.