Babangu yuko ICU, yu macho, anaambiwa alale kifudifudi. Ni tiba au wanamjaribu?

BintiLangoni
Assalamu alaykum ndugu zangu. Babangu ni fundi wa majahazi hapa Lamu, miaka 67. Nimonia imemshika vibaya. Tulimvusha usiku kwa boti hadi Mokowe, tukapita Witu na Garsen kwa ambulensi, na leo ni siku ya tatu yuko ICU Mombasa. Hajatiwa bomba la kooni. Anazungumza, oksijeni ya kasi iko puani. Daktari ataka alale kifudifudi saa kadhaa kila siku. Baba amekataa: asema Mtume (s.a.w.) alikataza kulala hivyo, na hataki mauti yamkute katika hali ile. Jana nilimbembeleza, akakubali dakika 20. Niliona kwa macho yangu namba ya oksijeni ya kile kidude cha kidoleni ikipanda kutoka 88 hadi 93. Alipogeuka, ikashuka. Kakangu asema wanamfanyia majaribio. Mwenye kujua anieleze, naomba.

NesiMalindi
Wa alaykum salaam dada, pole sana. Mtu akilala chali, moyo na tumbo huelemea mapafu kwa nyuma, na huko nyuma ndiko damu nyingi hupita. Akigeuka, sehemu hiyo hufunguka ikaanza kupokea hewa. Ndiyo ile 93 uliyoiona.

Majaribio yalikuwapo kweli, na matokeo yake yako wazi. Kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na usingizi wa dawa, utafiti wa Ufaransa na Hispania wa 2013 uliwalaza hivyo angalau saa 16 kwa mkupuo. Vifo vya siku 28 vilikuwa 16 katika 100, badala ya 33. Kwa walio macho, ni wakati wa korona: nchi sita, zikiwemo Marekani, Kanada na Meksiko, wagonjwa zaidi ya 1,100, wote wana oksijeni ya kasi kama mzee. Kwa waliolala kifudifudi, waliotiwa bomba au kufariki walikuwa 40 katika 100, kwa wasiolazwa hivyo 46. Faida ilikuwa zaidi upande wa kuepuka bomba. Kwa vifo tofauti haikuwa wazi. Na hao walikuwa wa korona, mzee ana nimonia nyingine, kwa hiyo nakwambia inafaa kujaribiwa, sikuapii.

Ingekuwa utafiti, mngepewa fomu ya ridhaa mtie sahihi, na mngeweza kujitoa bila kupunguziwa huduma. Muulize daktari waziwazi.

Asile kabla ya kugeuka. Akianza kuhema kwa nguvu zaidi au kuchanganyikiwa, ita muuguzi papo hapo. Akihitaji bomba, msicheleweshe kwa kuing'ang'ania njia hii.

AmiShela
Mwanangu, mimi nililala hivyo siku sita mwaka 2021. Usiku wa kwanza nilidhani shingo itakatika. Mke wangu alikunja khanga mbili, moja chini ya paji la uso, moja chini ya kifua, tumbo likaning'inia kidogo. Mkono mmoja juu, mmoja chini, kama mtu anayeogelea, na kila baada ya muda nikibadilisha upande wa uso. Niliwekewa Yasin sikioni. Ikisomwa mara tatu, najua muda umesogea.

Kuhusu katazo, hilo ni la mtu anayejilalia tu bila sababu. Huyu ni mgonjwa, na dharura huhalalisha lililokatazwa. Lakini hatakusikia wewe mtoto wake. Mpigieni imamu wake aseme naye.

BintiLangoni
Nimerudi. Imamu wetu alimpigia baada ya alasiri, nikamshikia simu sikioni. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hata chombo hulazwa ubavu ndipo kikakalafatiwa, kikazibwa nyufa. Nigeuzeni." Amekaa saa moja na nusu, namba ikasimama 94. Daktari amethibitisha hakuna utafiti wowote hapo wodini, kakangu amemsikia mwenyewe. Ami, khanga ya kifuani amesema ni nyembamba, nimeongeza ya tatu. Saa nne usiku anageuzwa tena.